Mlinzi wako akiiba lindoni, bima ipi italipa?

Mwenye kampuni ya ulinzi akiingia ofisini kwetu hapa Uhindini, Mbeya, mara nyingi ameshika barua ya mteja inayosema "kampuni iwe na bima", na anataka iliyo rahisi kuliko zote ili apeleke nakala mchana huohuo. Mimi nafanya udalali wa bima na nalipwa kamisheni, kwa hiyo nikikuambia ukate bima una haki ya kunitilia shaka. Ila kuna swali ninalomuuliza kila mmoja ambalo halina kamisheni: unaogopa nini hasa? Hakuna anayetaja moto. Wanataja walinzi wao.

Na wanajua wanachosema. Mlinzi wa mnara wa simu kule milimani njia ya Chunya yuko peke yake usiku kucha na jenereta, na dizeli haikosi mnunuzi kijijini. Mlinzi wa ghala la pembejeo Iyunga anakesha na mbolea ya msimu mzima, mfuko mmoja ukiwa ni pesa nzuri ukilinganisha na mshahara wake. Walinzi wengi hawaibi. Lakini ukiwa na malindo mengi, kuanzia Mbalizi mpaka Makambako, siku moja atatokea mmoja, na siku hiyo mteja hatamtafuta yeye. Atakutafuta wewe.

Pengo ambalo halionekani mpaka siku ya madai

Kampuni nyingi za ulinzi huku kwetu zina karatasi mbili za kuonyesha: usajili wa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na bima ya dhima kwa umma. WCF ni lazima kisheria, lakini inamfidia mlinzi aliyeumia, kuugua au kufa kwa sababu ya kazi. Haihusiki na mbolea iliyopotea. Bima ya dhima kwa umma inalipa pale mtu wa nje anapoumia, au mali yake inapoharibika kwa bahati mbaya kutokana na shughuli zako, kwa mfano mlinzi kaliachia geti likagonga gari la mgeni. Wizi wa kukusudia si bahati mbaya. Tena hati nyingi za dhima zinaondoa kabisa mali iliyo chini ya uangalizi wa mkata bima, na kazi ya mlinzi ni nini kama si uangalizi?

Bima ya wizi wa wafanyakazi ni ya tatu. Tunaiita bima ya uaminifu wa wafanyakazi. Kwenye hati, ambayo kwa kawaida huja kwa Kiingereza, tafuta maneno Fidelity Guarantee. Watu wakifika hapa wanapumua, na hapa ndipo pasipo pa kupumulia. Bima hii kwa asili yake ni ya kumkinga mwajiri dhidi ya mtu kama keshia anayekula mauzo. Inalipa hasara ya mwajiri: fedha zako, redio zako za mawasiliano, pikipiki yako ya doria. Mbolea ya ghalani si yako, ni ya mteja. Mlinzi akiiuza, aliyeibiwa ni mteja, na wewe umebaki na deni tu. Hati ya kawaida inaweza isikulipe hata shilingi moja, na kampuni ya bima ikawa sahihi kabisa.

Kwa hiyo usiombe "bima ya uaminifu" ukanyamaza. Omba kwa maandishi kifungu cha nyongeza kinachosema bima italipa pia hasara ya mali ya wateja wako iliyoko kwenye malindo, ikiibwa na mfanyakazi wako akiwa peke yake au akishirikiana na watu wengine. Hayo maneno ya mwisho usiyaache. Wizi wa lindoni mara nyingi una mtu wa nje mwenye gari au bodaboda, na mlinzi kazi yake ni kufungua tu au kugeuka upande wa pili. Kifungu hicho kiwe ndani ya hati yenyewe, si kwenye barua pepe ya afisa masoko anayekuambia "usijali, hiyo imo". Kama imo, aonyeshe ukurasa.

Nyongeza hii kampuni zote za bima haziipendi. Nyingine zitaikataa, nyingine zitaikubali kwa kiwango kidogo cha fidia. Ndiyo maana ni bora kupitia dalali anayeweza kupeleka maombi yako kwa kampuni kadhaa kwa wakati mmoja kuliko wakala, ambaye anaiwakilisha kampuni ya bima na atakuuzia alichonacho. Nimesema una haki ya kunitilia shaka. Basi uliza mwenyewe kwa wote wawili ulinganishe majibu. Leseni ya yeyote unayeongea naye unaweza kuihakiki TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapahapa Mbeya.

Kabla sijaendelea, tofautisha mambo matatu, maana siku ya madai yatachanganywa kwa makusudi. Mlinzi amelala, wezi wakaingia wakachukua: huo ni uzembe, na bima ya uaminifu haina habari nao. Unahitaji bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayolipa makosa ya kazi yako, au dhima kwa umma iliyopanuliwa ifunike kushindwa kutimiza kazi ya ulinzi. Mlinzi amewafungulia wezi: hapo bima ya uaminifu inahusika, mradi ushirika wake uthibitike. Mlinzi ameiba mwenyewe: hiyohiyo ya uaminifu. Sasa fikiria asubuhi geti liko wazi, mlinzi hayupo, simu haipatikani. Ni lipi kati ya hayo? Kwa hiyo ikiwezekana dhima na uaminifu vikatwe kwenye kampuni moja ya bima. Ukizigawa, kila moja itasema tukio ni la mwenzake, na wewe utakuwa unapanda basi la Dar es Salaam kwenda kuwasikiliza.

Usijifariji pia kwamba mteja ana bima yake ya wizi. Bima ya wizi wa kuvunja kwa kawaida inataka dalili za nguvu: kufuli limekatwa, ukuta umetobolewa. Geti lililofunguliwa kwa ufunguo haliingii humo. Na hata ikimlipa, kampuni yake ya bima ina haki ya kuvaa viatu vya mteja na kukudai wewe.

Kiwango: pima lindo, usipime kampuni

Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kujumlisha thamani ya mali za wateja wake wote, akaogopa ada, halafu akachagua kiwango kidogo cha kuridhisha barua. Njia yenye akili ni kukaa na orodha ya malindo na kuuliza kila moja: mlinzi wa hapa akiamua leo, anaweza kuondoa nini kabla hajagundulika, na atamuuzia nani? Kiwanja cha mbao Mafinga kina mali ya mamilioni mengi, lakini mlinzi hawezi kubeba rundo la mbao mgongoni. Duka la simu Mwanjelwa ni dogo kama chumba cha kulala, na begi moja la mgongoni linatosha kukufilisi. Ghala la kahawa Mbozi kati ya Januari na Machi huenda likawa tupu, wakati wa mavuno limejaa magunia. Lindo zito kuliko yote kwa kipimo hicho ndilo linalokupa kiwango cha tukio moja. Kiwango cha mwaka mzima kiwe kikubwa zaidi ya hapo, kwa sababu hati ina vikomo viwili, kile cha kila tukio na kile cha jumla ya mwaka, na watu husoma kimoja tu.

Kwa malindo ya msimu, omba kiwango kipandishwe kwa miezi husika badala ya kukilipia mwaka mzima. Inawezekana, ila iombwe kabla magunia hayajaingia.

Sasa kuna kile kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai, kile wanachokiandika Excess. Rudi kwenye dizeli ya mnara. Mlinzi hachukui lita mia tano usiku mmoja. Anachukua dumu la lita ishirini Jumanne, jingine Ijumaa, kwa miezi. Kama hati inahesabu kila dumu kuwa tukio lake, na kiasi unachobeba mwenyewe ni shilingi milioni moja kwa tukio, hakuna dumu litakalofika huko. Utakuwa umelipia bima ambayo kwa hesabu haiwezi kulipa. Dai kifungu kinachosema vitendo vyote vya mfanyakazi mmoja, au kundi linaloshirikiana, vihesabiwe kuwa tukio moja. Kina thamani kuliko kupunguziwa ada.

Na dizeli ina tatizo jingine. Hati hizi kwa kawaida hazilipi upungufu unaoonekana kwenye hesabu peke yake. Mteja akija na karatasi kwamba jenereta lilipaswa kutumia kiasi hiki, limetumia kile, hiyo si ushahidi wa wizi kwa macho ya bima. Hesabu inasaidia kuonyesha kiasi baada ya wizi wenyewe kuthibitika kwa njia nyingine: mlinzi kakamatwa na dumu, mnunuzi kataja jina, kamera imeona. Mweleze mteja jambo hili mapema, asije akadhani unamkwepa.

Hati yenyewe inaweza kuandikwa kwa majina ya wafanyakazi, kwa nafasi zao, au kwa jumla. Chukua ya jumla. Walinzi wanakuja na kuondoka, hasa msimu wa kilimo unapoanza na mtu anakwenda kulima, na ukiwa na hati ya majina utaishi ukituma marekebisho.

Ada inatokana na asilimia ya kiwango ulichochagua, idadi ya walinzi na historia yako ya madai. Tuseme umepata kiwango cha shilingi milioni 50 kwa asilimia 1.5. Hiyo ni 750,000, ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 135,000, jumla 885,000. Namba hizo ni za kukuonyesha hesabu tu, bei yako itategemea wewe. Ilipe yote kabla ya tarehe ya kuanza. Bima ambayo ada yake haijalipwa si bima, na stakabadhi ya ahadi haijawahi kumlipa mtu.

Fomu ya maombi inasomwa mara mbili

Mara ya kwanza wanaisoma juujuu wakati wa kukuuzia. Mara ya pili anaisoma mkadiria hasara, na huyo haisomi juujuu. Kila ulichokiandika pale kimekuwa sharti. Ukiandika kwamba kila mlinzi ana wadhamini wawili, barua ya mtendaji na namba ya NIDA, na kwamba alama za vidole zimepelekwa polisi, faili la yule aliyeiba ndilo litakaloombwa kwanza. Ukiandika kwamba supavaiza anakagua kila lindo mara mbili kwa usiku, kitabu cha matukio kitaombwa.

Nimekaa mezani na kitabu kimoja cha namna hiyo kutoka lindo la Uyole. Saini za doria ya saa nane usiku kwa wiki nzima zilikuwa za wino mmoja, mkono mmoja, zimepangwa kama za mtu aliyekaa kwenye kiti na chai mbele yake. Ukurasa ulikuwa safi, haujajikunja wala kuingia tone. Na wiki hiyo ilikuwa ya Februari. Anayeijua Uyole ya Februari anajua kwamba hakuna karatasi inayopita getini usiku ikabaki hivyo. Mkadiria hasara hakusema neno. Alipiga picha ukurasa, akafunga kitabu. Dai lile lilikataliwa.

Kwa hiyo andika unachokifanya kweli. Kama supavaiza wako ana pikipiki moja na malindo yametawanyika kutoka Sokomatola hadi Mbalizi, andika mara moja kwa usiku. Ada inaweza kupanda kidogo, lakini itakuwa bima.

Angalia pia nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Hati nyingi zinamtaka mwenye mkataba wa ajira na wewe, anayelipwa na wewe. Deiwaka uliyemchukua kuziba pengo la wiki hayumo, isipokuwa umeomba aingizwe. Na huku kwetu kuna desturi ambayo kila mwenye kampuni anaijua na anajifanya haijui: mlinzi ana msiba Tukuyu, anamweka mdogo wake lindoni kwa siku mbili akiwa na sare yake na kirungu chake. Mdogo mtu akiiba, si mfanyakazi wako. Hana faili, hana mdhamini, hana bima. Ni nafuu kuwa na walinzi wa akiba wanaolipwa kuliko kuruhusu hilo hata mara moja.

Halafu kuna suala la kumhamisha mtu. Mlinzi amekamatwa Kabwe na betri ya mteja, amelia, wazee wameingilia, betri imerudi, yamekwisha kifamilia. Unampeleka lindo la mbali akajirekebishe. Kibinadamu naelewa. Kibima, tangu siku ulipojua kwamba si mwaminifu, kinga juu yake imekoma, na chochote atakachochukua huko alikohamia ni cha mfuko wako. Hati karibu zote zina kifungu hicho. Kama huwezi kumwachisha, basi muweke mahali pasipo na cha kuchukua, na uwe tayari kulijibu.

Mkataba na mteja ulingane na hati

Kipengele kinachosema "kampuni italipa hasara yoyote itakayotokea" kifute. Bima inalipa kile unachowajibika nacho kwa mujibu wa sheria. Ahadi ya ziada uliyojitwisha kwa kalamu yako kwa kawaida haimo. Weka badala yake kikomo cha fidia kisichozidi kiwango cha bima yako, sharti kwamba mteja atoe taarifa ya hasara ndani ya saa 24 tangu aigundue, na orodha ya makabidhiano: funguo ngapi, stoo zipi, vitu gani viko nje. Fedha taslimu zisiwe chini ya mlinzi kabisa. Mteja mkubwa atabisha. Mwambie kikomo kinaweza kupanda iwapo yuko tayari kuchangia ada, uone mazungumzo yatakavyobadilika.

Ikitokea

Fika lindoni na mtu wa mteja, pigeni picha kabla hakijaguswa kitu, chukua kitabu cha matukio ukiweke salama. Nenda kituo cha polisi upate RB siku hiyohiyo. Toa taarifa kwa kampuni ya bima kwa maandishi siku hiyohiyo pia, hata kama hujui kiasi. Muda uliowekwa kwenye hati unaanza kuhesabiwa tangu ulipogundua, si tangu ulipomaliza kuchunguza.

Mteja atakutumia ujumbe kwa hasira. Mjibu kwa heshima kwamba umepokea, umeripoti polisi na kwa bima, na uchunguzi unaendelea. Usiandike "tutalipa". Kukiri deni bila ridhaa ya kampuni ya bima ni sababu tosha ya kukukataa, na ujumbe wa WhatsApp unatosha kuwa ushahidi. Usipokee pia malipo ya chinichini kutoka kwa ndugu za mlinzi bila kuwaambia bima.

Mshahara wake usiushike wote kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kukata kwa ajili ya hasara kwa masharti: umweleze kwa maandishi sababu na hesabu, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Msimamishe kwa malipo, mfanyie kikao cha nidhamu chenye muhtasari. Ukimfukuza getini kwa maneno, atakwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na utajikuta unalipa pande mbili.

Kwa mteja omba mapema ankara za manunuzi, risiti za EFD, leja ya stoo na hati za kupokelea mzigo. Kwako andaa mkataba wa mlinzi, daftari la mahudhurio, faili la wadhamini. Vyote nakala, halisi zibaki kwako. Dai likikataliwa, dai sababu kwa barua yenye kutaja kifungu. Wakishindwa kukitaja vizuri, andika malalamiko TIRA, au yapeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla hujafikiria mahakama.

Na unapohuisha bima yako mwaka ukiisha, usihame kampuni ya bima kwa tofauti ya laki moja bila kuuliza jambo moja. Wizi wa lindoni hugunduliwa kwa kuchelewa, na hati inaweka kikomo cha muda wa kugundua baada ya bima kwisha au baada ya mlinzi kuondoka. Ukihama Julai na mteja akagundua Desemba kwamba mlinzi amekuwa akichota tangu Aprili, kampuni ya zamani inaweza kusema muda umepita na mpya ikasema haikuwepo. Iombe mpya iandike kwamba itapokea hasara zilizoanza wakati wa hati iliyotangulia, na upate jibu hilo kwenye karatasi kabla ya kulipa.